Mistari Isiyokunjwa

Kompyuta ya mwandishi mmoja wa programu ilikuwa imekufa upande mmoja. Mkono wa kulia kioo kilikuwa cheusi tititi, na kioo cha aina ile hakitengenezwi tena. Mumewe ndiye aliyeandika naye programu ya duka la dawa. Kabla hajasafiri kwenda kufanyia kazi mbali, alikaa akarekebisha kompyuta yake mwenyewe: maelezo yote atakayoandika juu ya msimbo wa programu, yale ambayo mashine huyaruka na binadamu ndiye huyasoma, yajikunje kwenda mstari wa chini kabla ya kufika penye weusi wa kioo cha mkewe.

"Nisije nikakuangushia maneno shimoni," alisema.

Basi kila asubuhi kazi ya mumewe ilipoingia, mke hakuanza kwa kusoma. Alitazama kwanza mistari imekatikia wapi. Ikikatikia pale ukingoni, moyo ulitulia tuli.

Asubuhi moja mistari ilipita. Iliingia gizani bila hata kupiga hodi.

Wifi yake, aliyekuwa akipiga pasi chumba hicho hicho, akachungulia. "Wifi, mbona umeduwaa? Si ubonyeze hapo pa kukunja mistari? Hata mimi wa pasi napajua."

"Najua pa kubonyeza."

"Sasa?"

"Nikibonyeza itakunjika yote, yake na ya wenzetu wote kazini. Sitajua tena nani kanikunjia."

"Makubwa! Wenzio wanangoja simu ya mume, wewe unangoja mstari ukatike. Kaka yangu namjua mimi, kichwa chake kisingekuwa shingoni angekisahau garini. Mwambie."

"Nikimwambia, atakunja kwa sababu nimemwambia."

Wifi akaguna, akarudi kwenye kola ya shati.

Jioni mume akapiga simu. Ofisi imempa kompyuta mpya, kioo kama dirisha la sebuleni. Akaisifu weee, mpaka akakohoa. "Na wewe, unasoma vizuri?"

Mke akampa nafasi, ya kumtosha mtu kukumbuka kioo cha mkewe.

"Haloo? Mtandao umekata?"

"Nipo, mume wangu. Nasoma."

Akaendelea hivyo hivyo, kila mstari akiusukuma kushoto ili auone mkia wake. Kesho yake mirefu. Keshokutwa mirefu. Hadi siku aliyochoka, akaacha mkia mmoja bila kuuvuta, akafuta sehemu ya programu aliyodhani haina kazi. Mwenye duka la dawa akapiga simu akifoka: dawa zote zimetoweka kwenye kompyuta, na wagonjwa wamejaa mlangoni. Alipouvuta ule mkia, ulisema: usifute.

Akarudisha alichokifuta, akaomba radhi. Kisha, taratibu, akabonyeza.

Mistari ikajikunja yote kwa mpigo, ya mumewe na ya wenzao, ikasimama sawasawa ukingoni. Ile ya mumewe akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitaji kusomwa.