Kumjibia Redio

Mashine ya alama za vidole ilikikataa kidole cha Redio, na binti wa mapokezi akamwomba akifute kwenye suruali ajaribu tena. Akakifuta. Ikakataa tena. Binti akainua macho, asimtazame Redio, akamtazama mkewe aliyesimama nyuma ya kiti, akasema kwa sauti ya mtu aliyeyarudia maneno hayo tangu asubuhi, "Bima yenu hapa haipiti tena, mama. Tangazo liko mlangoni."

Tangazo lilikuwepo kweli, limebandikwa juu ya lile la kukataza kula ukumbini. Hospitali ilikuwa imejitoa kwenye bima. Hospitali ilisema bima hailipi inavyostahili. Bima nayo, kwa ujumbe wa simu, ilisema hospitali ina tamaa, ila kwa lugha ya adabu. Tembo walikuwa wawili, wanapigana kwa matangazo. Nyasi ilikuwa imekaa kwenye kiti cha plastiki, kidole bado kimenyooka, inangoja kuambiwa ijaribu tena.

Mke hakuhisi kitu. Tangu kiharusi kimwangushe mumewe juu ya cherehani, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu, naye alishauzoea, anautembelea hivyohivyo. Akauliza waende wapi, akatajiwa hospitali nyingine, akashukuru.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na Redio ni jina alilopewa na wateja kwa sababu hakuwa ananyamaza. Alimpima mtu kiuno huku akimpa habari za mtaa mzima. Aliyeleta suruali ipunguzwe aliondoka anajua nani kahama na nani kahamishwa. Kisha siku moja mshipa wa damu ukaziba kichwani, na Redio ikazima. Mdogo wake, shemeji mtu asiye na simile, alikuja akainama kitandani akamwambia, "Kaka, tulikuomba upunguze sauti. Nani alikwambia uzime?" Redio akacheka kwa upande mmoja wa uso. Kicheko kilibaki, maneno ndiyo yaliyoondoka.

Aliyekuwa akiyarudisha, moja moja, ni mtaalamu wa matamshi wa hospitali hiyo, mzee mfupi mwenye kikohozi waliyemwita Mwalimu. Kila walipokwenda, Mwalimu alimwomba mke akae nje kwenye benchi. Mke alidhani chumba ni kidogo. Akakaa, akatazama ukuta, na Redio akatoka na neno jipya kama mtoto aliyetoka dukani na peremende shavuni. Uzi. Kifungo. Pindo. Mara ya mwisho alitoka na sentensi nzima, "Njaa inauma," na mke akasema haya, twende, akasahau kushangaa.

Siku ya mashine, mlango wa Mwalimu ulikuwa umefungwa, yuko na mgonjwa mwingine. Hawakuagana.

Hospitali mpya ilikuwa na chumba kipana chenye feni na dirisha, na mtaalamu wake alikuwa dada kijana, mpole, mwenye wagonjwa wengi. Akamwambia mke aketi papo hapo, kando ya mumewe. Akaeleza kwamba itabidi waanze upya; kumbukumbu za kule haziji mpaka ziombwe, na zikiombwa pia huwa haziji. Leo angempima baba, ajue amweke fungu gani: la wanaofundishwa kusema, au la wanaofundishwa kuonyesha picha kwenye ubao.

Akamgeukia Redio, akamuuliza jina lake.

Mke akajibu.

Hata hakujua kuwa amejibu. Yeye ni mpokea simu katika ofisi ya maji. Kwake simu haifiki mlio wa pili, na mteja akisita tu, yeye humsaidia kumalizia: bomba limepasuka? Mita haisomi? Katika kazi hiyo ukimya ni laini iliyokatika, na laini ikikatika lawama ni zako. Basi dada alipouliza kazi ya baba, mke akasema fundi. Dada alipoinua mkasi, midomo ya Redio ikaanza kucheza. "Mkasi," mke akasema. "Huo anaujua sana, dada, ndio ugali wake." Redio akafunga mdomo, akatikisa kichwa kukubali.

Mwishowe dada akatoa ubao: glasi ya maji, choo, kitanda, uso uliokunjamana kwa maumivu. Redio akagusa glasi. Dada akampongeza. Safari ijayo, alisema, atamthibitisha kwenye fungu la ubao, na fungu likishathibitishwa, bima huwa hailibadilishi kirahisi.

Nyumbani ubao walioazimwa na dada ulikaa mezani. Redio aligusa glasi, akapewa maji. Aligusa kitanda, akapelekwa kulala. Ilikuwa rahisi, na mke, kusema kweli, aliona nafuu. Alikuwa amechoka kungoja kitu.

Hadi Redio alipougusa ule uso wa maumivu. Mke akamuuliza, kichwa? Tumbo? Mguu? Redio akakataa vyote. Akakirudisha kidole palepale, akabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe, kisha akaugeuza ubao kifudifudi, akafumba macho.

Kesho yake, akiwa kazini, mke alimpigia Mwalimu. Akamweleza habari ya ubao. Mwalimu akakohoa kwanza.

"Alisema nini kule?"

Mke akaeleza: jina, kazi, mkasi.

"Hayo umesema wewe. Nimeuliza yeye alisema nini."

Mke akakaa na chombo sikioni. Kwa mara ya kwanza kazini kwake aliiacha laini bila sauti.

"Mama, chumba changu hakikuwa kidogo," Mwalimu akasema. "Nilikuwa nakutoa wewe. Mumeo neno analo, ila liko mbali. Yeye analifuata kwa miguu, wewe unampita kwa gari."

Mke akauliza afanyeje. Akaambiwa angoje, hata akiona aibu angoje. Kazi yote ni hiyo.

Waliporudi kwa dada, mke aliurudisha ubao mezani, akasema kabla hajaketi kwamba siku ile aliyejibu ni yeye, anaomba baba aulizwe upya. Dada akatazama mlango, ambako foleni ilikuwa ikisikika, akakubali, ila kwa mara moja tu. Akainua mkasi.

Redio akamtazama mkewe, kama mtu anavyoutazama mlango uliozoea kufunguka wenyewe. Mke akauma shavu kwa ndani. Neno lilikuwa limemjaa mdomoni kama maji ya kusukutulia. Feni ikazunguka. Mshipa ukamsimama Redio shingoni, midomo ikacheza, ikatulia, ikacheza. Mkono wa dada ukachoka, ukaanza kushuka, na ule mwingine ukaufuata ubao.

"Mkasi," Redio akasema.

Dada alikuwa ndiyo kwanza anatabasamu aliposikia mgonjwa bado anasukuma kitu kooni. "Bu... butu."

Dada akaujaribu kwenye pindo la karatasi. Ulikuwa butu kweli. Akamuuliza jina, akangoja, akaambiwa, "Redio." Akasoma faili, lenye jina jingine, akamgeukia mke apate uhakika. Mke akatazama dirishani.

"Basi tujaribu kusema," dada akasema. "Kwa sasa." Ubao akautia kwenye droo. Droo hakuifunga kwa ufunguo.

Njiani mke alingoja furaha imjie, kama mtu anayengoja mguu uanze kuchoma baada ya ganzi. Haikuja. Kilichokuwepo ni ladha ya damu shavuni.

Wakasimama kwenye duka dogo. Muuzaji akamuuliza baba anataka nini. Redio akafungua kinywa. Nyuma yao mtu mmoja akasimama, kisha wengine, kisha msonyo ukasikika. Mwanamke mmoja akamwambia mke, kwa upole tu, "Si umsaidie mzee, dada?"

Mke alijua anachotaka mumewe. Alikijua tangu wakiwa barabarani. Akawageukia wote waliopanga foleni.

"Bado anasema," akawaambia.

Wakangoja.