Nyumba ya Magogo ya Itetemia

Tangu wahamie Itetemia, Zuwena hakutulia. Kila asubuhi aliizunguka nyumba akigonga gogo moja moja, asikilize kama mchwa wameingia. Alikulia Mtendeni kwenye nyumba ya matofali, na hakuna ndugu yake aliyewahi kulala ndani ya kuta za miti mizima.

Mumewe, Issa, ndiye aliyeitaka. Alikuwa mrina asali, na kila mwaka alilazimika kutundika mizinga mbali zaidi, kwa kuwa miombo ilikuwa inaishia kwenye matanuri ya matofali. Hakutaka matofali ya kuta zake yachomwe kwa miti hiyo. Akakata miti ya misindano aliyoipanda marehemu baba yake, akapanda miche mingine palepale, akayalaza magogo juu ya msingi mrefu wa mawe. Zuwena alikubali, lakini mashoga zake walimuuliza kama anaishi zizini.

Magogo yalikuwa bado yanakauka. Yakitoa mlio, Zuwena aliacha chungu mekoni akatoka mbio. Issa alimweleza kwamba magogo yakikauka husinyaa, ukuta unashuka kidogo kisha unatulia. Hakumsadiki. Mwezi wa kumi, Issa akiwa porini, alifunga nguo zake akaenda kwa mama yake, Mwanamkuu.

Huko joto lilikuwa halivumiliki. Kuta zilishika jua la mchana kutwa, na Zuwena alihama chumba hadi chumba akitafuta upepo. Mama, mwenye presha, alihema tu sakafuni. Siku iliyofuata Zuwena alikumbuka kwamba magogo hayakuwahi kushika joto vile, akampakia kwenye bajaji, wakaenda Itetemia.

Mlango haukufunguka. Ukuta ulikuwa umeshuka na kuukaba. Zuwena aliingia dirishani, akachukua msumeno na randa za Issa, akahangaika mpaka ukaachia. Mama aliingia, akaegemea magogo, akafumba macho.

"Humu kuna ubaridi," alisema. "Kwangu ulifuata nini?"

Zuwena alisema aliogopa. Mama alikuwa ameshasinzia.

Jioni Issa alirudi, akamwamkia mkwewe, akautazama mlango uliokatwa upogo. Zuwena alipomsimulia yote, akamuuliza kama amerudi kabisa.

"Nimerudi. Ila mlango huu utautengeneza upya, na mimi nitasimama hapa nikuangalie."

Akasimama kweli, wala hakukaa hata Issa alipomletea kiti.