Mkanda Uko Kabatini

Gari lilikuwa likikata kona kwa shingo upande, kama mtu aliyeamshwa usingizini kwenda kufungua mlango. Ili kutoka getini, mjane aliushika usukani kwa mikono miwili, akaegemea kwa bega, akavuta pumzi, akazungusha, akapumzika, akazungusha tena. Wiki ile aliishiwa nguvu katikati ya kona na kuvunja chungu cha maua cha jirani, cha pili tangu msiba.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kutoa pole ya chungu.

"Shemeji, gari la marehemu lisije likatuletea marehemu mwingine," alisema. "Jumamosi saa nne namleta mtu wa vyuma chakavu. Kama usukani haujapona, tumwachie akalikate."

Mjane alikubali. Lakini kiti cha dereva bado kilikuwa na bonde la mgongo wa mumewe, na kila alipokikalia alijihisi ameegemezwa. Kitu kama hicho hakikatwi kwa msumeno.

Shemeji hakuwa mbaya. Alijitahidi hata kulitibu gari. Kwanza alisema ni upepo, akajaza matairi mpaka gari likawa linaruka kama mpira. Usukani ukabaki vilevile. Ndipo akatoa neno la mwisho: "Linamlilia mwenyewe. Hata kaka akiwa hai lilikuwa hivi. Akiendesha yeye, usukani laini kama siagi. Nikiliazima mimi, mzito kama nasukuma kabati. Nilikaa siku tatu siwezi kuinua kijiko. Gari hili lina roho mbaya."

Jumamosi saa mbili asubuhi alifika fundi wa magari, mtu mfupi aliyeitwa Taratibu, na jina lilimfaa. Alilizunguka gari mara mbili kabla ya kuligusa. Akapima matairi, akayapunguza upepo, akacheka kidogo. Akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, akamwambia mjane azungushe usukani injini ikiwa imezimwa. Ulizunguka bila kukwama.

"Viungo ni vizima," alisema. "Sasa nalishusha. Washa, zungusha."

Mjane akawasha. Usukani ukawa mzito kama kawaida. Taratibu aliinamia boneti iliyofungwa, sikio moja juu yake.

"Pampu ya usukani ikiumwa hulalamika, mama. Hupiga kelele kama mtoto mwenye njaa. Hii iko kimya. Mgonjwa wa kimya ndiye anayenitisha."

"Itakuwa imekufa?"

"Tusimzike kabla ya kumfunua uso," alisema Taratibu, kisha akakumbuka anazungumza na nani. "Nisamehe, mama."

"Endelea tu, fundi. Funua."

Alifungua boneti. Mafuta ya usukani yalikuwa yamefika kwenye alama, safi kabisa. Taratibu aliingiza kichwa ndani, akakaa humo muda mrefu. Alipokitoa, alikuwa akijizuia kucheka.

"Mama, nani aliutoa mkanda?"

"Mkanda upi?"

"Wa kuzungusha pampu. Injini inazunguka, pampu imekaa tu haina wa kuivuta. Na haukukatika. Tazama boliti hii, kona zimelika kwa spana. Kuna mtu alikuwa akiufungua na kuufunga kama vifungo vya shati."

Mjane akakaa kwenye ukingo wa baraza.

Siku ya mwisho aliyozungumza vizuri hospitalini, mumewe alimwambia, "Usisahau mkanda. Uko kabatini, nyuma ya mashati." Mjane alikuwa mshonaji kwa miaka thelathini, kwake mkanda ni kitu cha kushika suruali, na suruali za mgonjwa zilikuwa zimeanza kumwanguka. Kesho yake akaleta mkanda wa ngozi, tena ameuongezea matundu matatu kwa mkono wake. Mumewe aliutazama, akacheka mpaka akakohoa, muuguzi akaja kuwagombeza.

"Haya," alisema, "huo nao ni mkanda." Akamkonyeza, akamtupia jicho mdogo wake aliyekaa miguuni pa kitanda. Mjane alidhani ni homa.

Sasa alielewa. Mdogo mtu alikuwa akiliazima gari kila wiki na kulirudisha tangi tupu, na manyoya ya kuku kwenye viti. Na kila mumewe alipotaka kutoka, alianza kwa kufungua boneti. "Naisalimia injini," alikuwa akisema, mikono myeusi, akipiga mluzi. Akirudi, anaisalimia tena.

"Fundi, mkanda wenyewe ukoje?"

"Mweusi, wa mpira, duara hivi."

Mjane akainuka polepole. Aliujua. Aliukuta kabatini siku ya kupanga nguo, akauona unafaa, akaufungia mashati ya mumewe yawe mzigo mmoja wa kugawa. Mzigo ulikuwa chini ya kitanda tangu hapo, haugawiwi.

Alipiga magoti, akauvuta, akauchomoa mkanda. Mashati yakaachana sakafuni, moja baada ya jingine. Aliyatazama kidogo. Kisha akayatundika yote kabatini yalikokuwa, na kutoka nje.

Taratibu aliuvika mkanda, akaivuta pampu kwa chuma, akakaza boliti, akaubonyeza mkanda kwa dole gumba. Mjane aliwasha injini, akazungusha usukani kwa kidole kimoja, kulia, kushoto, akazima.

Saa nne kamili shemeji alikuwa getini na mtu wa vyuma chakavu. Alipenyeza mkono dirishani, akajaribu usukani. Akajaribu tena.

"Kumbe lilikuwa dogo," alisema hatimaye. "Basi huyu arudi zake. Shemeji, na mimi wiki ijayo nina safari kidogo. Sijui ningekuomba…"

"Njoo tu, shemeji," alisema mjane. "Litakuwa hapahapa."

Alingoja mpaka walipopinda kona, akageuka.

"Fundi, kabla hujaondoka. Naomba unionyeshe hiyo boliti inafunguliwaje."