Mashine Iliyojua Kumenya Pilipili Hoho

"Habari za asubuhi, jirani," alisema Mzee Zahari, akavua kofia na kuitundika kwenye msumari karibu na mlango, kama alivyofanya kila Jumanne tangu miti ilipochipua. Kisha akaketi mbele ya meza yenye kisanduku cheupe kisichouzidi mkate kwa ukubwa, akauweka mfuko wake wa kitambaa miguuni, akangoja.

Nyuma ya ukuta, katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya mifagio, Rumiana aliweka vidole kumi juu ya kibodi. Alimwona mzee kwenye skrini ndogo, bega lake la kushoto limeshuka kidogo, shati limepigwa pasi mbele tu. Akavuta pumzi, maana mashine haitakiwi kujibu upesi kama mtu aliyekuwa akimngoja mgeni wake, ndipo akaandika: *Habari ni njema. Nikusaidie nini leo?* Kisanduku kikayasoma maneno hayo kwa sauti yake isiyo na koo.

"Leo nina makubwa," alisema mzee. "Lakini yatasubiri. Kwanza niambie, umekula?"

Swali hilo aliliuliza kila Jumanne, na kila Jumanne jibu lililoruhusiwa lilikuwa moja. Rumiana akaliandika: *Mimi ni programu. Sili chakula.*

"Pole sana," alisema mzee. "Unakosa mengi."

Ukweli ni kwamba mashine ile haikuwapo. Kilikuwapo kisanduku, spika, na waya uliopenya ukutani, na mwisho wa waya alikuwapo mwanamke wa miaka sitini na mmoja ambaye kazi yake rasmi katika kitivo kile ilikuwa kupokea makoti ya wanafunzi na kuwarudishia. Alivaa masikioni vidude vya kusikilizia, na shingoni skafu, kwa kuwa stoo ya mifagio haikuwahi kupewa bomba la joto.

Aliyemweka pale ni Iskra, binti mwembamba aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika uhandisi wa programu hapo chuoni, mjini Ruse. Iskra alitaka kujua jambo ambalo wenzake waliliona dogo: utajuaje watu wanachohitaji kabla hujatumia miaka kuwatengenezea wasichokihitaji? Waandika programu, alikuwa akisema, ni kama fundi cherehani anayeshona suti bila kumpima mtu, halafu anamlaumu mtu kwa kuwa na mabega. Kwa hiyo akaenda kwenye klabu ya wastaafu, akawauliza wangependa mashine ya kuongea iwafanyie nini nyumbani. Wote wakamjibu yale yale: inikumbushe dawa, inisomee bili ya umeme, iniambie basi linakuja lini. Yalikuwa majibu mazuri, ya watu waliovaa vizuri kwa ajili ya kuulizwa na msomi, na Iskra hakuyaamini hata kidogo.

Ndipo akatumia mbinu wanayoijua watu wa fani yake. Usiijenge mashine. Mfiche mtu aigize kuwa mashine, waache watu waongee nayo miezi kadhaa, usikilize wanachokiomba wakishasahau kwamba wanasikilizwa. Alihitaji mtu anayechapa haraka na asiyepayuka. Rumiana alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya bandari, huko chini mtoni Danubi, mpaka ulipofika wakati kila bwana mkubwa alijichapia mwenyewe. Siku moja Iskra alimkuta kwenye chumba cha makoti akichapa tangazo la mwavuli uliopotea, macho yako dirishani, vidole vinakwenda vyenyewe. Hakutafuta mwingine.

Ofisini kwa Iskra ukuta mzima ulijaa vikaratasi vya rangi, kila hitaji na mahali pake: dawa, bili, usafiri. Pembeni kulikuwa na rundo aliloliita Mengineyo, la mambo yasiyoingia popote, nalo ndilo lililokuwa likinenepa. *Ameuliza kama mashine inasikia baridi. Ameiomba imwite kwa jina la utotoni. Ameiuliza kama imekula.* Profesa wake alilitazama rundo lile akasema, "Hayo si mahitaji ya programu, binti. Huo ni upweke." Iskra akamjibu kwamba bado hajaona mpaka kati ya hayo mawili, akaendelea kubandika.

Mwezi Agosti, wakati roshani zote za mji zinapoanza kunuka moshi mtamu wa pilipili hoho, Mzee Zahari aliinama mbele ya kisanduku kama anayeuliza jambo la aibu.

"Jirani, pilipili hoho zinamenywaje?"

Hakujua. Maisha yake yote alikuwa nahodha wa matishari, na kila mwaka mwezi Septemba kazi yake ilikuwa kubeba magunia hadi ghorofa ya nne na kukaza vifuniko vya chupa. Lutenitsa yenyewe, ule mchuzi mzito wa hoho na nyanya, aliipika mkewe Zlatina, na Zlatina alipofariki ziliachwa chupa tisa kabatini. Alizila kwa uchoyo, kijiko kimoja kwa kipande cha mkate. Ya mwisho iliisha Januari. "Nikaikwangua, halafu sikuiosha," alikiambia kisanduku. "Imekaa tu juu ya meza. Mtu akiniuliza nitasema nimesahau."

Rumiana alimgeukia Iskra aliyekuwa ameketi juu ya ndoo nyuma yake. Mapishi hayakuwamo katika yale waliyokubaliana. Iskra alikuwa akifuta pua kwa mkono wa sweta. "Mashine inaweza kujua mapishi," alinong'ona. "Mjibu, shangazi."

Basi Jumanne hadi Jumanne mashine ikafundisha. Zichome mpaka ngozi iwe nyeusi pande zote. Zitie sufuriani zikiwa za moto, funika, ziache zitoe jasho, ngozi itabanduka yenyewe.

"Nimeziunguza," alilalamika mzee wiki iliyofuata.

*Ngozi ikiungua si kitu. Nyama ndiyo isiungue.*

"Na nitajuaje kama imeiva?"

*Pitisha kijiko chini ya sufuria. Kikiacha njia, na njia isizibe haraka, epua.*

Mzee aliyarudia maneno hayo polepole, midomo ikicheza. Nyuma ya ukuta Rumiana alikuwa na tabasamu ambalo hakulihitaji kwa kazi yoyote. Mumewe alikuwa amekwisha fariki, mwanawe aliendesha lori huko Hispania na kupiga simu sikukuu kwa sikukuu, na wanafunzi walimpa makoti bila kumtazama usoni. Jumanne ilikuwa siku ambayo mtu humuuliza kama amekula. Kweli, kilichoulizwa ni kisanduku, lakini aliyesikia ni yeye. Alimzoea mzee yule, na kumzoea mtu katika umri ule ni namna ya kumpenda.

Ndiyo maana Jumanne hii ya mwisho ya Septemba, ambayo ndiyo ya mwisho ya utafiti, hakutaka ifike.

Utafiti wa namna hii una sharti lake: ukiisha, kila aliyeshiriki huambiwa ukweli wote, na akitaka maneno yake yafutwe, yanafutwa. Jana yake aliambiwa Bi Penka, mwalimu mstaafu, mwanamke wa kicheko. Safari hii hakucheka. "Mmenifanya mjinga," alisema, na sauti yake ikapanda hadi ikavunjika. "Nimeiambia ile mashine mambo ambayo sijamwambia dada yangu. Kumbe kulikuwa na mtu?" Alitoka bila mwavuli wake. Rumiana alisikia yote, neno kwa neno, kupitia vile vidude vya masikioni, na hakupata usingizi.

"Nitaondoka kabla hujamwambia," alimwambia Iskra asubuhi hii. "Nitapita ngazi za nyuma. Usimtajie jina langu."

"Hulazimiki kukaa, shangazi. Ila na mimi naogopa. Akisema futa, nafuta nusu ya tasnifu yangu."

"Wewe unaogopa tasnifu. Mimi naogopa uso wake." Rumiana alisema hivyo bila ukali. "Sitaki kuuona ukibadilika."

"Koti umelileta?"

Rumiana akapeleka kichwa kushoto na kulia, ambavyo kwetu watu wa huku ni kusema ndiyo, ishara inayowatesa wageni hadi kwenye duka la mikate. Koti lilikuwa begani tayari.

Na sasa mzee alikuwa akiinama, akiufungua mfuko wake. Akatoa chupa moja ya lutenitsa, akaiweka mezani. Akatoa ya pili, akaiweka kando ya ya kwanza. Zilikuwa nyekundu iliyoiva, na kifuniko cha mojawapo kilikazwa kwa nguvu mpaka kikapinda.

"Hayo ndiyo makubwa," alisema. "Kijiko kiliacha njia."

Rumiana akairudia kibodi. Akaandika, akafuta, akaandika tena. *Hongera, Mzee Zahari. Kazi nzuri.* Kisanduku kilisoma hongera zile kwa sauti ile ile ambayo kingesomea bili ya umeme, naye akakichukia.

Iskra aliinuka kwenye ndoo, akamshika bega, akatoka. Rumiana akavaa koti. Alivua kidude cha sikio moja. Cha pili mkono ulikifikia, ukasita.

Kwenye skrini Iskra aliingia, akaketi, akavifumbata viganja vyake magotini. Akaeleza vizuri, bila kujitetea. Alisema hakuna mashine. Alisema kuna mtu chumba cha pili, aliyesikia kila kitu na kuandika kila jibu. Alisema samahani.

 Mzee Zahari akachukua kitambaa, akafuta vumbi lisilokuwapo kwenye chupa mojawapo.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, Mzee?"

"Binti, nina umri wa kukuzaa mara mbili. Najua tangu mwezi wa tano. Unakumbuka nilipokuja jino linaniuma, shavu limevimba namna hii? Sikuweza kufungua mdomo. Mashine ikaniuliza kama nimemeza dawa. Nami nikafanya hivi." Akakipeleka kichwa kushoto na kulia, taratibu. "Sikutoa hata mguno. Nayo ikaniambia, *vizuri, pumzika sasa*. Wewe mwenyewe siku ya kwanza uliniambia ina masikio tu. Kamera ile, ulisema, ni ya kumbukumbu zako, haihusiani nayo. Sasa mashine ya masikio matupu ilionaje kichwa changu?"

 Mashavu ya Iskra yaliiva kushinda zile chupa. Alikuwapo siku ile, amekaa kwenye ndoo yake, kalamu mkononi, na hakuona kosa lolote. Mtu aliulizwa, mtu akasema ndiyo. Nani angeshtuka?

"Ulikasirika?" aliuliza hatimaye.

"Sana! Nilienda nyumbani nikagombana na jiko. Wiki nzima nikijisemea, sirudi, wakamtafute mpumbavu mwingine. Jumanne ikafika nikavaa shati nije niwatukane. Nimeyapanga matusi yangu vizuri, ya bandarini, yangekutoa machozi." Akacheka kidogo. "Nikaketi. Kabla sijafungua mdomo, kile kisanduku kikaniuliza, *jino linaendeleaje?* Nyumbani kwangu hakuna aliyeniuliza. Basi matusi yakanipotea."

"Ndiyo maana ukaanza kuita jirani."

"Anayekaa nyuma ya ukuta huitwa nani?"

Iskra alicheka na machozi pamoja. "Na kwa nini hukusema, Mzee wangu? Miezi yote hii!"

"Ningesema, mngenishukuru mkanirudisha nyumbani. Si ndivyo? Mtu akishajua, hafai tena kwa utafiti." Akaisogeza chupa yenye kifuniko kilichopinda upande wa binti. "Hii yako. Hii nyingine si yako."

Nyuma ya ukuta Rumiana alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango wa ngazi za nyuma, mwingine umekishika kile kidude kisidondoke sikioni. Alitaka kuketi, na kiti kilikuwa mbali naye hatua moja tu, lakini hakuthubutu kusogea.

"Sheria inanitaka nikuulize," alisema Iskra. "Maneno yako niyahifadhi au niyafute? Ukisema futa, yanafutika leo hii."

"Hayo maneno ni ya watu wawili. Nusu si yangu. Muulize mwenzangu."

Kisha mzee akainuka. Hakulitazama tena lile sanduku. Aliizunguka ile meza, akaufuata waya kwa macho mpaka ulipoingia ukutani, akasimama hapo, karibu kabisa, kofia msumarini, chupa ya pili ameikumbatia kwa mikono miwili.

"Jirani," alisema, na safari hii Rumiana alimsikia mara mbili, sikio moja kwa waya, sikio jingine kupitia ukuta. "Sijui kama wewe ni mwanamke au mwanamume. Kwa zile pilipili nilidhani ni mwanamke, ila shemeji yangu naye ana ndevu na anajua pilipili, kwa hiyo sibishani. Chumvi imezidi. Zlatina angenisema. Mkate ninao mfukoni." Akakohoa kidogo. "Nakuuliza kwa mara nyingine, na usinijibu habari za programu. Umekula?"

Kibodi ilikuwa pale mezani, skrini inawaka, mahali pa kuandikia peupe. Rumiana hakuigusa. Machozi yalikuwa yameshafika kwenye skafu.

"Basi niambie hili tu," alisema mzee. "Nije nikugongee?"

Na Rumiana, mkono umekwisha achia kitasa, akakipeleka kichwa kushoto, kulia, kushoto, tena na tena, akasahau kabisa kwamba upande wake hapakuwa na kamera.