Kamba ya Mapalo

Mimi ni mwepesi wa hasira, mtaa mzima wa Katuba unajua, kwa hiyo sitajisifu upole. Jina langu Claudine, binti wa fundi wa reli. Kwa miaka sita nimekuwa nikifungua uwanja wangu kila asubuhi kwa watoto ambao wengine huwaficha. Nasema watoto, lakini Jeannot ana miaka thelathini na ndevu zake. Ni watu tisa waliozaliwa na akili inayokua polepole, na hushinda kwangu mpaka mama zao watoke sokoni.

Nyumba yangu ina sheria moja. Mtoto akija mara ya kwanza, kile alichokuwa akifungiwa nacho kwao kinakuja naye, na hakitoki tena. Nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma nimepigilia msumari, na hapo ndipo ilipotundikwa kamba ya Mapalo. Mama yake, Lydie, anauza makala, yaani mkaa. Alikuwa akimfunga binti yake mguu kwenye kitanda tangu alfajiri, kwa sababu siku moja Mapalo alitoka peke yake akafika barabara kuu, pikipiki ikamgonga. Nilipoiona alama ya kamba kwenye kifundo cha mguu wake nilimtukana Lydie matusi ambayo baadaye yalinipeleka kwa padri kuungama. Nilijuta kweli, maana nani angemshikia mtoto wakati yeye anatafuta chakula?

Kamba ilikaa msumarini miaka minne. Mapalo, ambaye sasa ana miaka ishirini na miwili, alijifunza kufagia, kumenya muhogo na kufunga viatu vyake. Hilo la viatu peke yake lilituchukua miezi minane.

Mwaka huu mambo yakatushinda. Wasaidizi wangu wawili walikuwa wakiishi kwa michango ya wazazi, na wazazi wenyewe wanaishi kwa neema ya Mungu. Nikatangaza kwamba miezi mitatu ikiisha tunafunga. Lydie alinifuata jikoni, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mama Claudine, ile kamba ya Mapalo iko bado pale?"

Nilikazana kuchochea moto. Alipoondoka nililia mpaka maharage yakaungua.

Basi siku chache baadaye tukasikia parokiani kwamba mkoa umeanzisha mfuko wa kusaidia nyumba kama yangu, zinazowatunza watu hawa mtaani, karibu na familia zao. Niliandika barua. Jibu likaja: mkaguzi atapita.

Sasa nieleweni. Sisi watoto wa kambi za reli tunajua mkaguzi ni nani. Zamani, mkaguzi akipita kambini, bibi zetu walipaka mawe chokaa, wakavaa nguo za Jumapili, na nyumba safi kuliko zote ndiyo iliyopata zawadi. Mama yangu alinifundisha kushika fagio kabla sijajua kushika kalamu. Kwa hiyo hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza. Tulipaka chokaa ukuta mzima. Lydie alikopa liputa jipya, yaani kitenge, la kumvika binti yake. Kwa wiki tatu tuliwafundisha wote kusalimia, kukaa vizuri na kumkaribisha mgeni chai, na siku yenyewe ilipofika walipendeza hata mimi nikavimba kichwa.

Mkaguzi aliitwa Paulin, mtu mnene, mpole, mwenye bahasha kwapani.

"Karibu, Papa. Ikala," Jeannot alimwambia, akamvutia kiti.

Mapalo alimimina chai bila kumwaga hata tone. Kisha akaona kamba ya kiatu cha mkaguzi imefunguka. Akapiga magoti, ulimi nje, akaifunga fundo lenye masikio mawili yaliyo sawa. Mama wote walipiga makofi. Nami nikajisemea moyoni, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini kwenye vumbi. Ilisema watu wangu ni *autonomes*, yaani wanajiweza. Hawahitaji msaada. Na ushahidi ulikuwa umeandikwa: mmoja wao alifunga kiatu cha mkaguzi.

Nilikwenda mjini siku hiyohiyo nikiwa na sandali za ndani, sikukumbuka hata kubadilisha. Paulin aliponiona akasimama.

"Mama, kwenu nilifurahi sana, kweli. Lakini hii karatasi, formulaire, inauliza kintu kimoja tu: anaweza, hawezi? Nikiandika anaweza, appui, ule msaada, haikuye."

"Balijifunza kwetu! Hii nyumba njo ilibafundisha! Tukifunga, batarudia ku kamba. Unaelewa, Papa? Ku kamba!"

Alitazama mlango, akashusha sauti. "Pa formulaire haina nafasi ya kuandika ile. Mercredi nitarudia, minakuomba tu: unionyeshe vile balikuwaga mbele, kabla ya kuya kwako."

Nilirudi nimenywea. Niliwakusanya mama wote uwanjani, nikawaambia kwa aibu kubwa kwamba Jumatano hakuna kufagia, hakuna chai, hakuna kusalimia.

"Papa anataka kuona vile batoto balikuwaga mbele," nilisema.

Lydie alicheka kicheko kibaya. Mapalo alikuwa pembeni yetu akimenya muhogo. Hakuna aliyemtazama.

Jumatano nilificha mafagio. Jeannot aliambiwa anyamaze, akasimama mlangoni na mikono miwili mdomoni. Paulin alipoingia, maskini Jeannot akashindwa kujizuia.

"Papa, karibu! Mama anakatala nikuambie karibu!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Paulin alicheka kidogo, akafungua bahasha yake, akatazama huku na huku.

"Na ule binti wa viatu, iko wapi?"

Tukaangaliana. Lydie alimleta asubuhi, nilimwona kwa macho yangu. Niliita jina lake mara mbili, halafu nikaingia chumba cha nyuma, Lydie na Paulin wakinifuata.

Msumari ulikuwa mtupu. Mapalo alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda tunacholazia wagonjwa. Viatu vyake amevipanga pembeni, jozi safi. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa kitanda kwa kamba ile ile, na fundo lilikuwa na masikio mawili yaliyo sawa. Alituinulia uso, akafurahi kama mtoto aliyejibu vizuri swali la katekista.

"Nani anakufunga?" nilipiga kelele. "Mapalo, ni nani?"

"Miye," alisema. "Papa anataka kuona mbele."

Lydie alianguka magotini, akaanza kulifungua fundo lile. Mapalo akamsukuma mkono.

"Acha, Mama. Papa hayaona bado."

Paulin alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akafanya kazi yake. Alitoa simu, akapiga picha, na Mapalo akamchekea. Aliweka alama kwenye formulaire, moja, mbili, tatu, akatoka bila kuaga. Nilikuwa nimeinua mkono nimpige kofi, nami nikaushusha. Nilihitaji saini yake, na hilo sitajisamehe.

Msaada ulikuja kabla ya siku ya kufunga. Wasaidizi wangu wakabaki, mlango ukabaki wazi. Siku ile ile barua ya msaada ilipofika niliichoma kamba uwanjani mbele ya mama wote. Lydie ndiye aliyemwaga mafuta ya taa. Nilimshika Mapalo mkono, nikamwambia imekwisha, hataiona tena. Akatazama moto mpaka ulipozimika.

Jumatatu iliyopita ikaja barua nyingine. Kila miezi sita mkaguzi atarudi kuhakikisha kwamba watu wetu bado wanahitaji msaada, na zamu ya kwanza ni wiki ijayo. Niliwasomea wasaidizi wangu kwa sauti, mjinga mimi, na Mapalo alikuwa anafagia nyuma yangu.

Kesho yake alifika akiburuta miguu, viatu vikimvuka kila hatua. Nikamwuliza kamba za viatu ziko wapi. Akafungua kiganja. Alikuwa ameziunganisha mbili kuwa moja, na katikati ameweka fundo lenye masikio mawili.

"Mama Claudine," alisema, "ile yetu iliungua. Hii itatosha?"