Kichaka Kiitwacho Mgeni

Magoti ya Bibi Majani yalikuwa na kalenda yao. Yalijua kwamba imebaki miezi mitatu astaafu, nayo yalikuwa yameshaanza kustaafu bila kumwambia. Asubuhi ile alipanda mteremko wa mwisho akiwa na tepe nyekundu mfuko wa kulia na tepe nyeupe mfuko wa kushoto. Kila hatua kumi alisimama, akajifanya anatazama kitu.

Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Ile nyika kavu, iliyobanwa kati ya miamba ya ufukwe na uwanda wa chumvi, ilikuwa imejaa mimea ya kila namna, na kila mmoja alipaswa kuujua kama ni mwenyeji au wa kuja. Mwenyeji alifungwa utepe mweupe akaachwa. Wa kuja alifungwa mwekundu, na kesho yake wakataji walikuja na mapanga na majembe wakamng'oa na mizizi, wenyeji wapate kupumua. Mathenge, nyekundu. Dungusi, nyekundu. Mwarobaini, nyekundu, hata kama nusu ya mji ilikuwa inachemsha majani yake. Mswaki, nyeupe. Mgunga, nyeupe. Miaka ishirini na miwili. Siku hizi mkono ulikuwa unafunga wenyewe, kama mwenye duka anavyofunga sukari huku anaongea na mteja mwingine.

Nyuma yake alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye msimamizi wa wakataji. Wakataji walimwita Panga Butu, kwa sababu hakuwa na haraka na jambo lolote duniani.

"Shemeji," alisema, "ukizidi kusimama hivyo na wewe nitakufunga utepe."

"Wa rangi gani?"

"Mwekundu. Kwetu wewe si wa kuja? Ulikuja na sanduku moja na mdomo."

"Miaka arobaini nimeota mizizi. Mkinigusa mtavunja majembe."

"Hilo nalo kweli," alisema Panga Butu, akakaa juu ya jiwe amsubiri.

Mgongoni mwa mteremko ule kulikuwa na vichaka sitini na vitatu vya mmea mmoja, kimo cha kiuno, majani madogo ya kijivu yaliyojikunja kingo. Jina lake mgeni. Kwenye orodha, iliyobandikwa ukutani katika ofisi zote za kazi ile, palikuwa na mstari wake: mgeni, wa kuja, ang'olewe. Orodha hiyo aliiandika Bibi Majani mwenyewe. Basi alifunga nyekundu, akafunga nyekundu, mpaka kwenye kichaka cha mwisho goti la kushoto likasema sasa basi. Alikaa chini puu, pale pale mchangani, uso wake ukawa sawasawa na majani.

Hapo ndipo alipoyaona matundu.

Jani lilikuwa limetafunwa. La pili limetafunwa. La tatu lilikuwa na njia nyembamba nyeupe ndani yake, kama mtu aliyechora kwa sindano, na kwenye la nne palikuwa na kiwavi wa milia ya kijani aliyekuwa anakula kwa utulivu wa mtu aliye kwake. Bibi Majani alitoa kioo chake cha kukuzia. Wanafunzi zaidi ya mia alikuwa amewaambia neno lile lile: msitazame ua tu, tazameni nani anakula. Wa kuja majani yake huwa mazima kama nguo ya dukani, kwa sababu wadudu wa hapa hawajamzoea mdomoni. Anayetafunwa na kila mtu, huyo ni wa nyumbani.

Alijiburuza hadi kichaka cha jirani. Matundu. Cha pembeni yake, matundu.

"Umepoteza kitu?" aliuliza Panga Butu kutoka kwenye jiwe lake.

"Labda," alisema.

Miaka yote ile alikuwa amekitazama kichaka kile akiwa amesimama, kutoka juu, mkono ukiwa tayari na utepe. Hakuna aliyemfungulia kesi. Lakini aliinuka, akashuka kwenda ofisini kutafuta karatasi ya mmea ule.

Ofisini, chumba cha mimea mikavu kilinuka dawa ya nondo na magazeti ya zamani. Kila mmea ulikuwa na karatasi yake ngumu, mmea wenyewe umebandikwa juu, maelezo chini. Aliitoa ya mgeni. Mwandiko ulikuwa wake, wa enzi zile alipokuwa bado anabonyeza kalamu kwa nguvu ili aaminiwe. Jina la wenyeji: mgeni. Aliyeeleza: mama mfuga mbuzi, mteremko wa kaskazini. Na mstari uliofuata: Asili: wa kuja.

Alitazama mistari ile kwa muda mrefu. Wa kwanza aliambiwa. Wa tatu alijiambia mwenyewe.

Mfuga mbuzi alikuwa bado hai, na bado kaskazini. Mchana ule Bibi Majani alimkuta amembana mbuzi katikati ya magoti, anamkata kwato kwa kisu kifupi. Walikuwa rika moja, ila mwenzake alikuwa bado anainama bila kulalamika.

"Wewe si ndiye yule binti wa daftari," alisema mfuga mbuzi.

"Ndiye. Binti kaisha, daftari lipo."

"Siku ile uliyamaliza maji yangu yote."

"Nisamehe. Nimekuja na swali moja tu. Kile kichaka cha kijivu, mbona mnakiita mgeni?"

"Kwa sababu ni mgeni."

"Alitoka wapi?"

Mfuga mbuzi aliacha kukata. Alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyeuliza asubuhi inatokea duka gani.

"Atoke wapi? Yupo hapa kabla ya mawe. Kinachokuja ni maua yake. Miaka mitano, sita, hupati hata moja. Halafu siku moja unaamka, mteremko mzima mweupe. Hajapiga hodi, hajatuma salamu. Siku tatu, kaondoka. Sasa huyo wewe ungemwitaje?"

"Siku ile hukuniambia," alisema Bibi Majani, na alipoisikia sauti yake akaona aibu.

"Siku ile hukuuliza. Ulisema, hiki nini? Nikasema mgeni. Ukaandika, ukashukuru, ukanywa maji, ukaenda zako. Nikadhani kwenu kuandika ndiko kuelewa." Alimwachia mbuzi, mbuzi akatikisa mguu kama anayejaribu kiatu kipya. "Kiangazi wanyama wangu walikuwa wanaishi kwa kichaka hicho. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo tulikuwa tunasema, na kweli tulikuwa tunapona. Siku hizi sivioni. Nikasema labda ni mvua."

"Si mvua," alisema Bibi Majani.

Alifika ofisini kabla ya kufungwa. Mkuu wa kitengo alikuwa kijana wake, kwa maana ya kazi: yeye ndiye aliyemfundisha kubana jani kati ya mbao mbili na kufunga mikanda bila kulivunja. Sasa alikuwa na meza kubwa na kiti kinachozunguka. Aliisoma karatasi, akamsikiliza mpaka mwisho, akainuka kufunga mlango.

"Mama, tumeshang'oa miteremko mingapi?"

"Kumi na mmoja. Wa kesho ndio wa kumi na mbili."

"Na kwingine kipo?"

"Sijakiona kwingine."

Mkuu alishika paji la uso. "Mama, sikiliza. Imebaki miezi mitatu. Tunakuandalia kukuaga, na jina lako lipo juu ya orodha ile, watu wote wanajua ni yako. Wewe maliza salama. Mwaka kesho nitaunda kamati, watairekebisha polepole, bila kumtaja mtu."

"Kesho asubuhi wanang'oa, mwanangu. Hiyo kamati itarekebisha nini, mashimo?"

"Siwezi kusimamisha kazi kwa sababu ya kiwavi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama yeye, ila uchovu wake ulikuwa wa kukaa. Bibi Majani aliichukua karatasi yake, akamtakia jioni njema, akarudi kwenye chumba cha mimea mikavu.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja ambayo aliipenda kuliko sheria zote alizokutana nazo maishani: hakuna kufuta. Ukikosea, kosa linabaki pale pale, na chini yake unabandika kikaratasi kipya chenye neno sahihi, jina lako na tarehe. Atakayekuja baada ya miaka mia ataona kosa, ataona sahihisho, na ataona kama aliyekosea na aliyesahihisha ni mtu mmoja. Na sheria ya pili ilitokana na ya kwanza: orodha inafuata karatasi; karatasi haifuati orodha.

Alikata kikaratasi. Aliandika: Mwenyeji. Neno "mgeni" linahusu maua, si asili. Kosa ni langu. Jina, tarehe. Aligundua kwamba siku hizi habonyezi kalamu. Alisubiri gundi ikauke, akaiweka karatasi kati ya mbao mbili, akafunga mikanda. Karatasi za chumba kile haziruhusiwi kutoka nje ya jengo. Hiyo ilitoka.

Asubuhi aliwahi, lakini majembe yaliwahi zaidi. Alipofika mgongoni mwa mteremko kichaka kimoja kilikuwa tayari kimelala, mizizi juu, mzizi mkuu mrefu kuliko mtu mzima. Wakataji walikuwa tisa. Jembe la pili lilikuwa hewani.

"Shemeji, simamisha," alisema, akihema.

Panga Butu aliinua kidole kimoja, jembe likashuka taratibu. "Kuna nini? Utepe si mwekundu?"

"Nimekosea utepe."

"Wewe?"

"Mimi. Soma hapa." Alifungua mikanda.

"Miwani nimeacha nyumbani. Soma wewe. Na usome kwa sauti, hawa wasikie, maana mwisho wa yote wataniuliza mimi."

Alikuwa hajapanga hilo. Alipanga kumwonyesha mtu mmoja, pembeni, kimyakimya, ndugu wa mumewe. Alishika karatasi kwa mikono miwili kwa sababu upepo ulikuwa unaivuta, akasoma mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha akasoma kikaratasi. Pale penye "kosa ni langu" upepo ulibeba maneno, akayasoma tena kwa sauti zaidi.

Mwanamke mmoja aliyefunga kitambaa cha njano, ambaye alikuwa na kazi ile tangu mteremko wa kwanza, aliegemea jembe lake.

"Kwa hiyo ile kumi na mmoja..."

"Ile nilikosea mimi. Nyinyi mlifuata utepe."

"Mteremko wa tatu tulivunja majembe manne. Nikasema, mgeni gani huyu mwenye mizizi namna hii?"

"Ulimwambia nani?"

Mwanamke alielekeza kidevu kwa Panga Butu. "Nilimwambia huyu. Akasema ng'oa."

"Nilisema ng'oa," alikubali Panga Butu. Alitazama kile kichaka kilicholala, akakisogeza kwa ncha ya kiatu, akaacha. "Mkuu anajua?"

"Anajua. Hajakubali."

"Na mimi nikiacha, nitamwambia nini?"

"Mwambie karatasi imebadilika, na orodha inafuata karatasi. Anaijua sheria hiyo. Nilimfundisha mimi."

Panga Butu alikuna shingo. Alichukua muda wake, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini Bibi Majani hakumwambia aharakishe.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema mwishowe. "Huyu, shemeji, umempa jembe miaka ishirini na miwili, na kumbe ndiye mwenye nyumba." Aliwageukia wenzake. "Haya, tushuke. Kule bondeni kuna mathenge ya kutosha kuua jeshi. Huku basi."

Walishuka wakiburuza majembe. Mwanamke wa kitambaa cha njano alipita bila kumtazama, na Bibi Majani hakumlaumu.

Vilibaki sitini na viwili. Kila kimoja kilikuwa na utepe wake mwekundu, na kila utepe ulipaswa kufunguliwa kwa mkono, kwa sababu kisu kingejeruhi gome. Alimwondoa kiwavi mmoja kwenye kichaka kilichong'olewa, akampeleka cha jirani kwa jani. Kisha alipiga goti, goti likalia, akaanza. Baada ya muda alisikia mtu akijishusha upande wa pili wa kichaka. Alikuwa Panga Butu.

"Si ulishuka?"

"Wanajua kukata mathenge bila mimi." Alihangaika na fundo. "Lakini shemeji, mafundo yako haya. Ulikuwa unafunga mbuzi?"

"Nilifunga kwa uhakika."

Walifungua fundo baada ya fundo. Jua lilikuwa limepanda, mchanga ulianza kuchoma, na walikuwa hawajafika hata kumi. Vichaka havikuwa na dalili ya ua lolote. Huenda vingetoa mwaka ule, huenda baada ya sita. Huenda yeye asiyaone. Simu ikalia mfukoni mwake, upande wa kulia, chini ya tepe.

"Mkuu huyo," alisema Panga Butu bila kuinua kichwa.

"Najua."

"Hupokei?"

Alikuwa amelishika fundo kwa mikono yote miwili, ukucha mmoja umeshaingia ndani yake na limeanza kulegea.

"Nikimaliza hili," alisema.