Sare ya Wapiga Upanga

Bibi yenu Vasanti anacheka mpaka leo, mimi sicheki. Tumetoka Mombasa mwaka ule wa sitini na nane, tuko chumba kimoja Walthamstow, kwa Waingereza, mtoto wetu Daksha bado mchanga, baridi haina huruma, na mimi fundi cherehani sina kazi. Mara nikapata: kushona jaketi nene za watu wanaopigana kwa panga za kizamani, ukumbi ule karibu na soko.

Makundi mawili, ukumbi mmoja, salamu hakuna. La mwalimu James linafuata Waitalia wa kale: unainama, unajirusha mbele kama umeona nyoka nyuma. La mwalimu Titus linafuata Wahispania: wima, unazunguka polepole kama unakagua nyumba ya kupanga. Wote Waingereza, lakini ungewasikia!

"Watu wako wanacheza dansi," James anasema.

"Watu wako wanaanguka," Titus anajibu.

Wakanipa kazi ya kushona jaketi za mashindano kati yao. Nikiwaridhisha, nabaki fundi wao. Nikiharibu, basi.

Sasa kwetu shughuli ni sare, si ndiyo? Harusini upande wa bwana na wa bibi wanavaa kitambaa kimoja, inapendeza. Nikakata zote buluu. Wala sikuuliza.

Siku yenyewe wakafungua furushi. James akawa mwekundu. "Mister Pradip, hii nini?"

"Amenivalisha kama hawa!" Titus akapiga kelele.

Hapo ndipo walipokubaliana mara ya kwanza: mimi nitoke.

Nikatoka. Miguu haitulii. Naenda mwisho wa soko, narudi, naenda tena. Vasanti nitamwambia nini? Halafu nikakumbuka, mkasi wa marehemu baba umebaki kule ndani. Nikarudi.

Kelele! Vijana wawili, warefu sawa, wametoka chumbani wamekwisha vaa jaketi zangu zile zile za buluu, nyingine hawana, na vinyago vya waya. Woga umewashika, hakuna anayeinama, hakuna anayezunguka, ni kuparamiana tu. Mmoja akamgusa mwenzake kifuani. Pande zote zikaruka juu.

"Huyo ndiye Mwitalia!" James analia kwa furaha.

"Wapi! Wangu huyo!"

Kinyago kikavuliwa. Wa Titus. Maskini James, mikono iko juu bado, hajui aiweke wapi.

Nikachukua mkasi taratibu, nanyemelea mlango. James akanishika bega.

"Wewe, usiende. Zetu tutilie mikono myekundu."

"Zetu kijani," Titus akadakia. "Tena zianze zetu!"

"Zianze zetu!"

Wakaanza tena. Mimi nikavua overcoat, nikavuta kiti, nikakaa.